Mkono wa Fundi na Asali ya Mama Mkwe

Wimbi la kwanza lilizoa pipa la maji. La pili likaibeba boti yenyewe na kuibamiza kwenye mwamba, pini ya pangaboi ikakatika, na injini ikabaki kunguruma bila kusukuma chochote. Upepo uliwatupa kwenye kisiwa cha mchanga na vichaka, fundi na mama mkwe wake, na dumu moja la maji ya kunywa.

Usiku ule wadudu waliwashambulia bila simile. Fundi aliumwa nyuma ya kiganja cha kulia. Akajikuna kwa kucha zake za gereji, kisha akafanya alichozoea kufanya kila alipochubuka: akapaka grisi. Kinachotuliza chuma, aliamini, hutuliza na ngozi.

Haikutuliza ng'o. Mkono ulifura mpaka vifundo vya vidole vikapotea, na yeye akauficha ndani ya shati. Angeanzaje kuugulia mbele ya mama mkwe? Mama huyu alimkubali kwa shingo upande, akisema anaonekana legelege. Na sasa fundi ndiye aliyekuwa akimpeleka kwa binti yake, ambaye mimba yake ilikuwa imetimia. Fundi akauma meno, akashika spana. Ikamponyoka. Kwa mkono wa kushoto, nati ya pangaboi haikutikisika. Mama naye akajaribu hadi jasho likamchuruzika, nati ikagoma.

"Lete huo mkono," mama alisema.

"Hauna kitu, mama. Umechoka tu."

"Mkono uliochoka haunuki. Lete, baba."

Akautoa, na aibu ilimchoma kuliko kidonda. Mama hakusema pole. Alikuwa amefanya kazi ya udobi tangu usichana, na maji ya moto aliyajua vizuri. Akawasha vijiti, akateka sufuria ya maji ya bahari, akayachemsha pamoja na kipande cha mtandio wake.

"Ya bahari, mama?"

"Ya kunywa tunakunywa. Haya yana chumvi tayari, tumepunguziwa kazi."

Akayaacha yapoe kidogo, akayapima kwa kiwiko, kisha akauzamisha mkono. Fundi alibana midomo, macho yakimtoka.

"Piga kelele, mwanangu. Hapa atakusikia nani, kaa?"

Akapiga. Ndege waliruka vichakani. Alilia machozi ya kweli, na ajabu ni kwamba alijisikia nafuu. Grisi ilibanduka, usaha ukaanza kutoka. Alipotaka kuukamua, mama akamzaba kofi kwenye mkono mzima.

"Ukikamua unausukuma ndani! Uache utoke wenyewe."

Akatoa chupa ya asali aliyokuwa amembebea binti yake, akapaka, akafunga kwa kile kitambaa kilichochemshwa. Akamlaza, mkono ukiwa juu ya begi.

"Nitapona, mama?"

"Hii inatusogeza tu. Ukiona mstari mwekundu unapanda kwenda kwapani, ujue asali yangu imefika mwisho. Tunamtaka daktari. Kwa hiyo lala."

Wakaendelea hivyo, asubuhi na jioni: maji ya moto, asali, kitambaa kipya. Dumu lilizidi kuwa jepesi, wakawa wanalowesha ndimi tu. Fundi alikagua ngozi ya mkono wake kila alipoamka. Mstari haukutokea. Kisha kukapambazuka siku moja akakunja vidole, na vidole vikakunjika.

Hakungoja jua lipande. Aliingia majini, akaing'ang'ania nati kwa mikono miwili, akanguruma, na nati ikasalimu amri! Akakata msumari, akaupachika palipokuwa na pini, akakaza. Alipovuta kamba, injini ilishika na boti ikaruka mbele. Mama akapiga vigelegele mpaka sauti ikamkauka.

Jua lilikuwa linawaka vikali walipogusa gati. Muuguzi wa zahanati alikifungua kidonda, akakisafisha tena, akaandaa sindano. "Mngechelewa zaidi, tungekuwa tunazungumza mengine," alisema. "Nani aliyekitunza?"

Fundi akaelekeza kidevu kwa mama mkwe. Mlangoni mkewe, aliyepata habari kutoka gatini, alikuwa akiingia, tumbo mbele, mikono imeshika kiuno, akiwakagua mmoja mmoja kama hajaamini.

"Mama, huyu hakukusumbua huko?"

"Alilia sana," mama alijibu kwa majivuno, akimvuta mkwewe ubavuni. "Halafu akanifikisha kwako."