Foleni ya Mama Ukoko

Wananchi watukufu, wazazi, walezi na kila mwenye tumbo! Nasimama mbele yenu siku hii adhimu kuwaletea hadithi yenye uzito usiopimika.

Kwa kweli sijasimama. Nimekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, na kalamu niliyopewa inavuja. Lakini uzito upo, kwa hiyo nisikilizeni.

Likizo ilipoanza nilitoka bweni nikaja kukaa kwa mjomba wangu, makanika wa mabasi. Siku ya kwanza tu alinifundisha namna ya kupata chakula kizuri cha bei nafuu katika jiji hili kubwa. "Usisome mabango," alisema. "Tazama mikono ya wanaokula. Ukiona ina grisi, kaa. Mtu wa kazi ngumu harudi mara mbili kwenye chakula kibaya."

Mikono yenye grisi ilinifikisha nyuma ya gereji, kwenye banda la mabati la Mama Ukoko. Maharage yake yalikuwa mazito, wali wake wa kuchambuka, na sahani alizisuuza kwa maji ya moto huku unamwona. Alikuwa na desturi moja: ukoko wa sufuria kubwa alipewa bure mteja wa mwisho. "Aliyechelewa ndiye aliyechoka zaidi," alisema. Banda hilo lilimlisha yeye, mama yake mzazi asiyeona, na binti yake wa kidato cha tatu. Mume hakuwepo, shamba halikuwepo. Sufuria ilikuwepo.

Mimi kuchelewa ni kipaji changu. Wiki mbili nzima nilikula ukoko.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Wewe, saa yako inakwenda kinyumenyume?"

"Hapana mama, ni jua ndilo linalowahi."

"Kaa ule, muongo wee."

Amani hiyo niliivuruga kwa mdomo wangu. Niliwasimulia wenzangu wa shule, wao wakawasimulia kaka na dada zao, na mara makarani wenye tai wakaanza kumiminika. Foleni ikafika barabarani. Chakula kikawa kinaisha watu kumi wakiwa bado wamesimama, na ukoko anaondoka nao karani. Mwenye kipaji cha kuchelewa akawa anarudi nyumbani na njaa yake.

Ndipo mtu mmoja muovu, ambaye kwa sasa tumwite Fulani, alipobandika karatasi kwenye nguzo iliyo mbele ya banda. Ilipigwa chapa vizuri, ina muhuri wa bluu wa duara wenye nyota katikati: KWA AFYA YA JAMII. CHAKULA CHA HAPA KIMEKUTWA NA VIMELEA. MSILE MPAKA MTAKAPOTANGAZIWA TENA.

Fulani alidhani foleni itapungua kwa siku moja, watu wacheke, basi. Jioni mjomba aliibandua ile karatasi akaikunja mfukoni, akisema ataipeleka kwa bwana afya aulize. Lakini watu walikwishaipiga picha, na picha ilikuwa inazunguka kwenye simu mji mzima.

Kesho yake Mama Ukoko alipika sufuria nzima, akaimwaga nzima.

"Fundi, hata wewe?" alimwita mjomba akipita upande wa pili wa barabara.

"Dada yangu, mimi nakuamini. Lakini nitabishana vipi na muhuri?"

Kila siku alipunguza kipimo, na kila siku chakula kikabaki. Siku ya kumi kodi ikamshinda, na mwenye banda akalipangisha kwa muuza makava ya simu. Sufuria kubwa ikauzwa. Yule binti akaacha shule kwa kukosa ada ya muhula ujao, akaenda kufua nguo za watu. Nilimwona na beseni kichwani, nikavuka barabara ili tusisalimiane.

Mjomba naye alihamia mgahawa wa kando ya mtaro, ambako nyama ya jana hufunikwa kwa pilipili ya leo. Baada ya siku tatu alibebwa kwenye machela kwa kuharisha, macho yameingia ndani. Daktari alisema angechelewa saa chache tu angekwenda na maji.

Nilimpelekea wodini nguo na kandambili zake kuukuu. Mama Ukoko nilimkuta pale, ameshika chupa ya uji.

"Umewezaje kuja kwangu?" mjomba alimwuliza kwa sauti ndogo. "Mimi niliyekukimbia?"

"Mgonjwa ni mgonjwa. Kunywa."

Mjomba akashusha miguu avae kandambili. Akasita. Akaiokota ya kushoto, akaigeuza. Kwenye kisigino palikuwa na tundu la duara. Akaitoa ile karatasi, ambayo hakuwahi kuifikisha kwa bwana afya, kwenye mfuko wa shati la kazi alilokuja nalo, akauweka muhuri juu ya tundu. Ukaenea sawasawa.

"Mjomba," aliniita, maana nasi huitana hivyo, "panya wa siku hizi wanajua kuchonga duara?"

Nilitafuta uongo. Mimi! Sikupata hata mmoja.

"Ni mimi," nikasema. "Nilitaka ukoko."

Mama Ukoko alifunika chupa taratibu. "Ungeniomba," alisema. "Ningekuwekea."

FUNZO

Ukipata pa kula pazuri na rahisi, jua kuna mtu aliyeamka alfajiri ili iwe hivyo. Usiichezee riziki yake. Mzaha unaozima jiko la mtu si mzaha. Nanyi mliosoma karatasi, mngemwuliza mpishi kabla ya kumkimbia; muhuri hata kandambili inatoa.

Nimepita gereji na maofisini kusema ukweli. Wengine wamecheka, wengine wamesema hawataki kujaribu matumbo yao. Mama Ukoko sasa anaosha vyombo kwenye mgahawa wa mtu, nami kila jioni namsaidia kusugua masufuria, ndiyo maana ninayo ndoo ya kukalia. Hajawahi kuniita muongo tena. Natamani aniite.

Mjomba ameamuru niandike haya niyabandike kwenye nguzo ileile. Niliwaambia msile mpaka mtakapotangaziwa tena. Basi nawatangazia tena: chakula chake kilikuwa safi. Tangazo hili halina muhuri. Fulani ni mimi.