Niache Nikosee Mwenyewe

Foleni ya asubuhi pale Curepe, kisiwani Trinidad, ina sheria moja tu: ukifika mbele, ujue unachotaka. Muuza doubles hana subira. Anataka kusikia pilipili nyingi, kidogo, au hutaki kabisa, halafu mikono yake inaruka: mikate miwili laini, dengu za moto, karatasi, anayefuata. Rhonelle Baptiste alifika mbele akiwa hajui hata yuko wapi. Macho yake yalikuwa kwenye simu, ambamo bwana mmoja alikuwa anaeleza jinsi ya kurekodi makro kwenye Excel, yaani kuifundisha kompyuta irudie kazi yenyewe.

"Dada, pilipili?"

"Ngoja. Huyu kabonyeza wapi sasa?"

"Dada!"

"Mwekee kidogo," ikasema sauti nyuma yake. "Na mimi hivyohivyo. Huyu ana matatizo makubwa kuliko pilipili."

Rhonelle aligeuka akiwa tayari kwa vita. Akakuta kijana mrefu, shati jeupe la ofisini limenyooshwa kwa pasi, tai ameitupia begani isije ikaingia kwenye mchuzi. Yeye mwenyewe alivaa blauzi ya njano na bangili za mbao, na shingoni alikuwa na chembechembe zinazometameta ambazo hazikutoka hata kwa sabuni.

"Nani kakwambia nina matatizo?"

"Hiyo video naijua. Ukimfuata huyo bwana, makro yako itafanya kazi leo, kesho itakuvuruga."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu kompyuta inakumbuka ulipobonyeza. Ulichokuwa unataka, haikijui."

Rhonelle akasahau kuuma mkate. Wiki nzima alikuwa anahangaika na jambo hilohilo, na hakuna aliyemweleza kwa maneno yanayoingia akilini. Kijana akajitambulisha: Navin Gopaul, karani wa kampuni ya bima huko mjini. Kabla mchuzi haujapoa walikuwa wamepeana namba.

Sasa, huyu Rhonelle hakuwa mtu wa kompyuta. Alikuwa mbandika manyoya katika kambi ya mas ya Tanti Verlyn, mtaa wa Woodbrook, kunakoshonwa mavazi ya karnivali. Mama aliyekuwa anakaa kwenye kompyuta alihamia Toronto, na Rhonelle akaomba kazi hiyo kabla gundi haijamkauka vidoleni. Tanti Verlyn alimtazama juu ya miwani.

"Sawa, mwanangu. Kiti ni chako mpaka siku ya kugawa mavazi. Siku hiyo ikienda vizuri, unabaki nacho mwaka mzima. Ikiharibika, unarudi kwenye gundi. Na gundi unajua, karnivali ikiisha nayo imekwisha."

Kila mchezaji ana kundi lake, kipimo cha kifua, cha kiuno, cha mguu, na mfuko wake lazima uwe na lebo yenye hayo yote. Mama wa Toronto alikuwa anaandika lebo moja moja mpaka mkono unavimba. Rhonelle alitaka kitufe. Unabonyeza, lebo zinatoka. Alikitaka kitufe hicho kama wengine wanavyotaka gari.

Basi wakaanza. Jumapili, baada ya makaroni ya kuoka na kuku wa mchuzi, mama yake Rhonelle akienda kujinyoosha, wawili hao walikaa barazani na kompyuta katikati yao kama mtoto aliyetumwa kuwachunga. Siku za kazi walimalizana kwa simu.

"Halo, kipenzi. Umekula?"

"Usiniulize chakula. Inaniambia kosa elfu moja na nne."

"Mpe salamu zangu. Mimi na yeye tunajuana siku nyingi."

"Navin, sicheki!"

"Unacheka, nakusikia. Haya, nisomee ulichoandika."

Alikuwa mwalimu mzuri, isipokuwa kwa kitu kimoja. Rhonelle akikwama kidogo tu, mkono wa Navin ulikuwa umeshafika kwenye kipanya.

"Toa mkono."

"Nilikuwa nataka tu kukuonyesha..."

"Nionyeshe kwa mdomo. Mwanamume gani huyu ana mikono kama pweza?"

Rhonelle alisema kwa utani, lakini jambo hilo lilimkaa moyoni. Maisha yake yote watu walikuwa wanampokonya vitu. Kaka yake alimpokonya baiskeli ili amwendeshee, mwalimu alimpokonya chaki ili ammalizie hesabu, na wote walisema neno lile lile: lete nikufanyie. Ndiyo maana alifika umri wa miaka ishirini na tisa akiwa anajua kubandika manyoya tu. Safari hii aliapa kwamba atakosea mwenyewe na atasahihisha mwenyewe.

Na kweli alikosea. Mara moja alipanga majina kwa alfabeti akasahau kupanga vipimo pamoja nayo, na bondia mmoja wa San Fernando akapewa sidiria ya binti wa shule. Bahati ilikuwa ni jaribio. Rhonelle alicheka mpaka akalia, akafuta, akaanza upya. Kufikia Januari, ngoma za chuma zilipoanza mazoezi mitaani, alikuwa anaandika amri zake bila kurekodi chochote. Jioni moja, wakisikiliza ngoma hizo kwa mbali, Navin alimwambia anampenda. Rhonelle akamjibu kwa busu refu, na chembechembe zikamhamia Navin shavuni. Kesho yake ofisi nzima ilijua.

Yakaja ya kuja. Siku moja kabla ya ugawaji, Navin alipita kambini wakati wa chakula cha mchana. Rhonelle alitoka kupokea viatu kutoka kwenye lori, akarudi, akabonyeza kitufe kwa jaribio la mwisho. Lebo zikatoka mfululizo, safi. Tanti Verlyn akapiga makofi. Wabandika manyoya wakapiga vigelegele.

Rhonelle alifungua amri zake kuzitazama, kwa mapenzi tu, na uso ukabadilika.

"Navin. Umegusa?"

"Kidogo. Kuna mahali pangekusumbua."

"Mahali gani?"

"Achana napo, pameshakaa sawa. Nilitaka usiku ulale, mpenzi."

"Nilikuomba?"

"Rhonelle, ni amri tatu tu!"

"Ni kiti changu! Kesho zikigoma, nitazitengenezaje wakati sijui zinasema nini? Nikupigie simu?"

"Ndiyo, nipigie. Hata kila mwaka, nipigie tu. Ubaya uko wapi?"

Masikini, alidhani hilo ni neno la mahaba.

"Ubaya ni kwamba unanipenda lakini huniamini," Rhonelle alisema, na machozi yalikuwa yameshafika. "Nenda, Navin. Na simu usinipigie."

Alipoondoka, Rhonelle alizifuta zile amri tatu bila hata kuzisoma, akarudisha zake. Simu iliita jioni nzima. Hakupokea. Aliumia, tena aliumia sana, lakini hakupokea.

Siku ya ugawaji watu walijaa mpaka barabarani. Muziki ulikuwa juu, mafeni yanazungusha joto lile lile, wanawake wanapepea kwa stakabadhi zao. Rhonelle alivaa gauni la bluu la kubana, nywele amezifunga juu, midomo myekundu. Alivaa kama mtu anayekwenda kushinda. Kundi la kwanza lilienda vizuri, la pili likaenda. Akabonyeza kwa ajili ya kundi la tatu, Kwarara Wekundu, lebo zikaanza kutoka, halafu zikakoma katikati, kimya, kama kazi imekwisha. Nusu ya watu hawakuwa na lebo.

"Jina langu liko wapi?" akauliza mama mmoja.

"Na langu?"

Kelele zikapanda. Rhonelle akabonyeza tena. Ikakoma pale pale. Akainua macho, na mtu wa kwanza aliyemwona kwenye foleni alikuwa Navin. Alikuwa amejiandikisha Kwarara Wekundu tangu Novemba.

Tanti Verlyn naye akamwona. "Wewe kijana si ndiye fundi? Njoo hapa upesi!"

Foleni yote ikageuka. Navin alikuwa ametumbukiza mikono yote miwili mifukoni, na jasho lilimtiririka.

"Fundi ameketi hapo, Tanti," alisema. "Mimi nimefuata vazi langu."

"Watu watanivunjia mlango!"

"Ataweza. Mwacheni afikiri."

Rhonelle alisikia kila neno. Akavuta pumzi, akaacha kubonyeza, akaanza kutembeza kidole kwenye orodha, jina kwa jina. Kidole kikafika kwenye mstari mtupu.

"Tanti, hapa palikuwa na nani?"

"Yule mwenye mimba, amejitoa. Nimemfuta asubuhi."

Basi hilo ndilo lililokuwa limetokea. Rhonelle alikuwa ameiambia makro ishuke mpaka ikute patupu, nayo ikatii. Ilitakiwa ianze chini kabisa, ipande juu kutafuta jina la mwisho, ijue mwisho halisi uko wapi, na patupu iparuke. Papo hapo akaelewa zile amri tatu zilikuwa za nini. Jana alizifuta kwa hasira. Sasa aliziandika kwa vidole vyake, neno kwa neno, akijua kila moja inafanya nini. Alikosea mabano mara moja, akasahihisha, akabonyeza.

Lebo zikatoka mpaka jina la mwisho.

Ukumbi ulilipuka kwa shangwe. Tanti Verlyn alivua miwani akaifuta, ingawa haikuwa na vumbi. "Mavazi ya mwakani tunayaanza karnivali ikiisha tu," alisema. "Usinichelewee kwenye hicho kiti chako."

Zamu ya Navin ilipofika, Rhonelle alishika mfuko wake bila kuuachia.

"Ulijua kosa liko wapi?"

"Nililijua zilipokoma tu."

"Na ukanyamaza?"

"Nilidhani nitakufa."

Rhonelle alitaka kununa kidogo zaidi, ila kicheko kilimponyoka.

"Na mimi nisamehe," alisema. "Nilifuta bila kusoma. Ulikuwa sahihi."

"Nilikuwa sahihi vibaya. Sikupaswa kukuficha." Navin akaegemea meza. "Rhonelle, nilikuwa nimepanga kungoja mpaka karnivali ipite, lakini siwezi. Utakubali nikuoe?"

Foleni nzima ikasogea karibu. Hata mtu wa muziki alipunguza sauti. Mama mmoja nyuma, viatu mkononi, akapaza sauti: "Mjibu, mwanangu, miguu inaniuma!"

Rhonelle alibandua lebo ya Navin, akaibandika kwenye mfuko, akaipapasa taratibu kwa kiganja mpaka ikashika vizuri. Alipoinua uso, machozi yalikuwa yanamtoka na hakujali nani anayaona.

"Nimekubali," alisema. "Sasa sogea, unazuia foleni."