Uko Wapi, Leo ni Siku Gani

Tik. Tik. Ulikuwa mlio wa kurunzi ndogo ikiwashwa na kuzimwa gizani, kabla jogoo wa jirani hajaamka. Sauti ya usingizi ikalalamika kwamba macho yanauma.

"Vumilia kidogo, Liz. Mboni zikisinyaa sawasawa nakuachilia."

Zikasinyaa sawasawa. Trizah, mwanafunzi wa uuguzi hapo Migori, akambusu bintiye na kutangaza kama daktari mkuu, "Huyu ni mzima." Mtihani wa vitendo wa kupima ubongo na neva ulikuwa umekaribia, na mgonjwa wake alikuwa huyu mmoja tu.

Asubuhi hiyo sokoni akampata wa pili. Mwanamume mrefu, shati la kijani limepigwa pasi mpaka kola imesimama, alikuwa akimtazama Trizah badala ya kutazama mbele, bati la kibanda likamgonga kwenye paji la uso. Trizah akamkalisha juu ya kreti ya soda, akamnyooshea vidole.

"Finya kwa mikono yote miwili."

Akafinya.

"Sawa, achilia."

"Hakikisha vizuri, sista. Huu wa kushoto nina wasiwasi nao."

Wauza nyanya wakacheka mpaka wakasahau wateja. Aliitwa Austine, dereva wa trekta ya miwa Awendo, na tangu siku hiyo akajitolea kuwa mgonjwa wa simu. Kila jioni Trizah alimuuliza maswali yale anayoulizwa aliyeumia kichwa, kuona kama akili imetulia: unaitwa nani, uko wapi, leo ni siku gani. Austine alijibu kwamba anaitwa wa Trizah, yuko moyoni mwake, na leo ni siku ya kupendwa. Trizah alimwambia amechanganyikiwa kabisa, apelekwe wodini.

Jioni moja akajibu vizuri kupita kiasi.

"Austine. Niko Awendo, kwa trekta. Leo Alhamisi."

Nyuma yake injini ya boti ilinguruma, na mwanamke akaita wateja wa samaki wa mbuta.

"Awendo imepata ziwa lini, jaber, mzuri wangu?" Trizah akauliza polepole.

Simu ikakatika. Austine alipopiga tena, Trizah hakushika. Mwanamume wa kwanza naye alianza na uongo mdogo hivyo, akaondoka mara tu alipojua kuna mtoto njiani. Austine alishamwona Liz, alishamnunulia ndizi. Labda ndizi ilikuwa ya kuaga. Trizah akaufanya mtihani macho yamevimba, akaupita, wala hakuwa na wa kumwambia.

Jumapili baada ya kanisa mlango ukabishwa. Austine alisimama na shati lile la kijani, na pembeni yake mama mwenye leso ya maua, amebeba mbuta mkubwa kwenye karai.

Trizah hakumkaribisha. Akauliza kama muuguzi wa zamu.

"Unaitwa nani?"

"Austine."

"Alhamisi ulikuwa wapi?"

"Homa Bay, kwa mama yangu, Mama Truphena huyu. Nilienda kumwambia ninataka mke, na mke ana mtoto. Niliogopa akikataa utajua kabla sijambembeleza."

"Alinibembeleza siku mbili," Mama Truphena akasema, "na mimi nilikubali siku ya kwanza. Nilitaka tu anioshee samaki. Nyathina, mwanangu, karai ni zito."

Trizah akakimeza kicheko, lakini hakusogea.

"Na leo ni siku gani?"

Austine akaiweka sawa kola yake. "Siku ya kukuuliza kama utanioa... yaani, nikuoe. Wewe na Liz."

Trizah akamnyooshea vidole. Akafinya, mikono yote miwili, wa kushoto ukibana kuliko wa kulia. "Nakubali," Trizah akasema, na safari hii yeye ndiye hakuachilia.

Liz akapanda juu ya kiti, kurunzi mkononi, akammulika Austine jicho moja, kisha la pili, kwa makini.

"Mama, huyu ni mzima."