Si Pombe Iliyomwangusha Mama

Kila asubuhi kabla ya kwenda shuleni, Lynnet alimsaidia mama yake, Teresa, kufungua kibanda chao cha ushonaji sokoni Rangwe. Teresa alikuwa fundi hodari wa sare za shule. Lakini mwaka huo mguu wake wa kulia uliingia ganzi, kisha jicho moja likaanza kuona ukungu. Alipotembea aliyumba, na watu wakanong'ona kwamba amekuwa mlevi.

Siku moja ya soko, Lynnet alikuwa akitoka shuleni na wenzake alipomwona mama yake akianguka mbele ya wauzaji wa omena, wale dagaa wa ziwani.

"Yule si mamako?" Achieng, rafiki yake, aliuliza.

"Si yeye," Lynnet akajibu, akapita haraka.

Muuza omena mmoja ndiye aliyemwinua Teresa na kumpeleka hospitalini Homa Bay. Huko akaagizwa akapigwe picha ya ubongo Kisumu. Majibu yalipotoka, Lynnet aliandamana na mama yake kwenda kuyasikia hospitalini.

Daktari Momanyi alieleza polepole. "Ugonjwa huu unaitwa multiple sclerosis. Kila mtu huzaliwa na seli za ulinzi. Vijidudu vikiingia mwilini, hizo ndizo za kwanza kupambana navyo. Nyingine hukaa ndani ya ubongo wenyewe. Kwa mama yako zimekosea adui. Zinashirikiana na seli nyingine za kinga kushambulia utando unaofunika neva zake. Neva ikibaki kama waya uliochunika, ujumbe wa ubongo haufiki vizuri mguuni."

"Kwa hivyo si pombe?"

"Si pombe, si uchawi, wala hauambukizi."

"Atapona?"

"Dawa ya kuuondoa haijapatikana. Zipo za kuupunguza kasi, na ataanza leo. Lakini kilichokwisha kuharibika huenda kisirudi."

Walipotoka nje, Lynnet aliangua kilio. "Mama, siku ile sokoni, mimi..."

"Nilikuona, nyathina, mwanangu," Teresa alisema, akimfuta machozi mwanawe. "Kuanguka hakukuniuma sana. Kilichoniuma ni kuona mgongo wako."

"Nisamehe, Mama."

"Nimekusamehe. Ila shika neno hili: usimhukumu mtu kwa mwendo wake, kwani hujui kinachomla ndani. Akianza kuyumba, mpeleke hospitalini mapema. Na aliye wako usimkane kwa kuogopa kuchekwa."

Kisha akamwegemea Lynnet begani, wakashuka ngazi taratibu, watu wakiwatazama.