Shoki za Gari la Mayai

Wakati wa likizo, asubuhi za Awinja zilianzia kwenye banda la kuku. Aliokota mayai, akayapangusa kwa kitambaa kikavu, kisha akayapanga kwenye trei, ncha nyembamba ikitazama chini. Mama yake, Selpher, ambaye wengi walimwita Mama Willis kwa jina la mwanawe mkubwa, alikuwa mkali sana kuhusu jambo hilo. "Yai halilali ovyo," alizoea kusema.

Baada ya chai walizipakia trei nyuma ya gari lao kuukuu la kijani. Lilikuwa gari refu lenye magurudumu yote manne ya kuvuta, na bila hilo wasingeweza kupita njia yao ya matope kutoka nyumbani mpaka Khayega wakati wa mvua. Kutoka Khayega walishika lami mpaka mjini Kakamega, ambako hoteli na waoka mikate waliwangojea.

Jumanne hiyo gari lilikuwa na tabia mpya. Lilipopita tuta halikutulia. Lilipanda, likashuka, likapanda tena kama mtoto anayeruka kamba. Awinja alizishika trei kwa mikono miwili.

Kwenye hoteli ya kwanza, mpishi alifunua trei ya juu. Ute ulikuwa unachuruzika mpaka chini.

"Mama Willis," alisema, "leo umeniletea mayai au umeamua kunikaangia kabisa?"

Wapishi wengine walicheka. Mama Willis hakucheka. Aliinama nyuma ya gari, akachungulia chini na kuona mafuta yametapakaa kwenye shoki, zile nguzo mbili za chuma zinazotuliza gari linaporuka.

"Shoki mpya!" alisema kwa uchungu. "Hata hazijazoea barabara! Yule Sifuna wa vipuri ameniuzia takataka."

Awinja aliyatazama mafuta yale. Alijua kilichoziua shoki zile, na Sifuna hakuwa na mkono hapo.

Jumamosi, Mama alikuwa amemtuma yeye na kaka yake Willis kuchukua magunia ya chakula cha kuku Shinyalu. Willis alikuwa amemaliza shule ya upili na kupata leseni, na kuendesha gari lile kulimpa raha kuliko kitu chochote. Siku hiyo kulikuwa na pigano la mafahali, na fahali aliyeitwa Misumari, wa mjomba wao Joash, alimtimua mwenzake uwanjani. Watu walimwagika barabarani wakipiga isukuti, ngoma ya kwao, wakiimba na kupeperusha matawi.

Awinja aliwaona wasichana wa darasa lake wakiwa kando ya barabara. Alitaka wamwone. Akafungua mlango wa nyuma na kupaza sauti, "Pandeni! Hili ni gari letu!"

Watu hawakungoja kuambiwa mara mbili. Waliingia ndani, wakakaa juu ya magunia, wakapanda paa, wakaning'inia kwenye bampa. Ngoma ikapigwa humo humo garini. Na isukuti haichezwi kwa kukaa. Walirusha mabega na kukanyaga kwa pamoja, wote wakipanda na kushuka kwa mdundo mmoja. Gari liliguna njia nzima. Walipopita shimo karibu na kwa mjomba, chini yao kitu kiligonga kwa kishindo.

"Mama asijue," Willis alimwambia walipofika nyumbani. "Akijua, hizi funguo sitazishika tena."

Awinja alikuwa amekubali. Willis ndiye aliyemfundisha kuendesha baiskeli. Angewezaje kumsaliti?

Sasa gari lilisimama mbele ya duka la Sifuna. Sifuna aliuza vipuri, na nyuma ya duka alikuwa na uwanja wa kuvifunga. Alikuja akijifuta mikono, uso umejaa tabasamu.

"Mulembe, Mama Willis! Karibu."

"Sijakuja kusalimiwa," Mama alijibu. "Tazama kitu ulichoniuzia. Leo jioni chama chetu kinakutana, na wengine wana magari na pikipiki. Nitawaambia wasikanyage hapa."

Tabasamu la Sifuna lilizimika. Aliikandamiza kona ya nyuma ya gari kwa uzito wake wote, kisha akaiachilia. Gari likapanda na kushuka, likaendelea kupanda na kushuka. Akalala chini na kuchungulia.

"Zimevuja zote mbili," alisema alipotoka. "Na moja imepinda. Mama Willis, gari hili lilibeba nini?"

"Kile linachobeba kila siku. Mayai, chakula cha kuku, mimi na mtoto huyu. Basi."

"Hakuna kingine?"

"Unaniita mwongo?"

"Hapana, dada yangu." Sifuna alijikuna kichwa. "Kama ni hivyo, basi kosa ni langu. Utachagua nyingine."

"Nipe zile nene kule juu. Zile ngumu kabisa."

"Zile ni za magari yanayobeba mawe," Sifuna alisema taratibu. "Shoki lazima ilingane na mzigo. Gari lako ni jepesi. Ukilifungia ngumu kupita kiasi, kila kijiwe barabarani kitapanda moja kwa moja mpaka kwenye trei. Hutafika Khayega na yai zima."

"Na hizi zako laini zimekufa! Kwa hiyo nifunge nini, mito?"

Sifuna aliingia dukani, akaanza kuteremsha maboksi kutoka rafuni. Yalikuwa ya shoki za aina ileile aliyomuuzia Mama. Aliyapanga karibu na mlango, moja juu ya jingine.

"Unafanya nini, fundi?" Awinja aliuliza kwa sauti ndogo.

"Nazirudisha kwa aliyeniletea, mwanangu. Kama za mama yako zilikuwa mbovu, siwezi kumuuzia mtu mwingine. Anaweza kupata ajali."

Awinja aliyatazama maboksi yale. Hayakuwa na kosa lolote. Mwenye duka naye hakuwa na kosa, na bado alikuwa anajihukumu mwenyewe kwa sababu ya maneno ambayo Awinja alikuwa ameyameza tangu Jumamosi.

"Yarudishe rafuni," alisema, na machozi yakamtangulia. "Shoki hazikuwa mbovu. Mama, tulibeba watu wa isukuti. Walicheza humo ndani na juu ya paa. Mimi ndiye niliyefungua mlango."

Mama alitoa simu na kumpigia Willis.

"Willis, Jumamosi ulibeba nani?"

Sauti ya Willis ikatoka, "Nani amekuambia?"

"Ni mimi," Awinja alisema karibu na simu. "Nimesema kwa sababu fundi alikuwa anachukua lawama yetu."

Willis alishusha pumzi. "Samahani, Mama. Awinja alifungua mlango, lakini usukani nilikuwa nao mimi. Nilipaswa kuwateremsha."

"Tutaongea nyumbani. Funguo utaziona ukutani kwa muda. Na banda la kuku ni lenu nyinyi wawili, kuanzia leo, mavi na yote."

Mama aliweka simu mfukoni, akamgeukia Sifuna. "Ndugu yangu, nimekutukana mbele ya mtoto, dukani kwako. Nisamehe. Jioni nitalitaja jina lako chamani, lakini kwa wema."

"Yameisha," Sifuna alisema, na tabasamu likarudi. "Hata shoki za lori zingeomba likizo mbele ya isukuti ya Shinyalu! Nakufungia zilezile za mwanzo, zote mbili za nyuma, ili upande mmoja usiuzidi mwingine. Ukilibebesha mizigo yake, zitakaa."

Kazi ilipokwisha, Sifuna aliikandamiza tena kona ya gari. Lilipanda mara moja, likatulia.

Njiani kurudi, walipoiacha lami, Awinja alisikia mashimo chini ya magurudumu, lakini kiti chake hakikuruka. Walipokaribia nyumbani, Mama alimtupia jicho.

"Awinja," alisema, "unaona nilichokuwa karibu kufanya? Ningenunua shoki zisizofaa, nivunje mayai kila siku, na nimharibie mtu mwema jina lake. Yote hayo kwa sababu ningechagua bila kujua ukweli. Mtu mzima akifichwa ukweli huamua kama kipofu, na anayeumia mara nyingi si yule aliyekosa. Ulichelewa kusema, na kwa hilo utafagia banda. Lakini ulisema mwenyewe, na kwa hilo nitaendelea kukuamini."

Jumamosi iliyofuata Misumari alishinda tena. Kundi la isukuti lilipoliona gari la kijani, vijana walilikimbilia wakipiga mluzi. Awinja alitoa kichwa dirishani, mkono wake ukiwa juu ya kitasa cha mlango uliofungwa.

"Hongereni!" alipaza sauti. "Lakini hili ni la mayai. Tembeeni na fahali wenu!"

Mama alicheka mpaka akalazimika kupunguza mwendo.