Wasikilizaji Wapya wa Kinole Jazz

Mama Sarapia alikaa kitini, akavishwa kipandio kichwani, na kufumba na kufumbua akaanza kulia. Muda mfupi tu kabla ya hapo alikuwa amesema wazi, mbele ya foleni nzima, kwamba magitaa yanamuumiza kichwa na kwamba amekuja kwa sababu majirani zake wote wamekuja. Sasa machozi yalikuwa yanamshuka mpaka kwenye kola ya ovaroli.

"Jamani Kinole!" alisema. "Jamani! Miaka yote hii nilikuwa wapi mimi?"

Alikuwa Kilosa, akifunga paneli za jua, na huko hakuna siku hata moja aliyoutamani muziki wa Kinole Jazz. Lakini nani angemwambia? Alivuliwa kofia, akapewa kitambaa cha kufutia macho, akaenda zake akiimba wimbo ambao hajawahi kuusikia. Aliyefuata akakaa.

Kipandio kilikuwa kofia nyepesi ya nyuzi, kazi ya mhandisi Zamda Mkude wa Maabara ya Hisia katika jiji la Morogoro. Kazi yake ilikuwa kuchukua mapenzi ya mtu mmoja na kuyapanda kwa mwingine. Nyuma ya sikio la Zamda mwenyewe lilipachikwa bamba jembamba kama gamba la samaki. Kila Kinole Jazz walipopiga, bamba lilisoma kile kinachotokea kichwani mwa Zamda na kukirusha kwa wote waliopandikizwa, wakati uleule. Katikati ya safari hiyo palikuwa na chombo alichokiita chekecheo. Kazi ya chekecheo ilikuwa kupitisha mapenzi ya muziki peke yake na kuzuia mengine yote. Alidhani mapenzi ni unga, mwanamke yule, kwamba ukichekecha vizuri unga unashuka na pumba zinabaki juu.

Mapenzi hayo hayakudumu yenyewe. Yalihitaji kumwagiliwa, na maji yalitoka kwa Zamda. Bamba likitolewa, yote yangenyauka. Na bamba lenyewe lilikuwa linaota mizizi. Madaktari wa maabara walimkalisha chini, wakamweleza kwamba siku likiong'olewa litang'oka na kila lilichokuwa likikisoma. Aliwajibu, "Nani amewaambia nitalitoa? Wekeni."

Msimwone chizi. Alikuwa amejaribu njia za kawaida mpaka akachoka. Kinole Jazz ni bendi ya dansi ya mtindo wa zamani. Wimbo wao unaanza taratibu, mwimbaji anasimulia shida zake, halafu maneno yanakwisha na magitaa yanashika njia. Hapo ndipo penyewe, hapo wanapoita chemko. Chemko la Kinole linaweza kwenda nusu saa, na halijawahi kufanana mara mbili. Mtindo wao wanauita Ngoja Iive. Sasa mtafutie mtu wa zama hizi nusu saa ya kungoja kitu kiive! Zamda aliwapelekea wenzake kazini rekodi. Wa kwanza alirudi akauliza, "Dada Zamda, inaanza lini?" Wa pili alisema ameipenda, na alipoulizwa amependa wapi, akakohoa. Zamda akabadili mbinu, akawa anaanza na wimbo mfupi, anaficha ule mrefu. Akamwalika binamu yake chakula, akamwekea muziki wakati wa kula, na binamu akamwomba apunguze sauti ili waongee.

Wakati huo Baraza la Jiji lilikuwa limeacha kugawa kumbi kwa maombi ya watu. Roboti-karani alisimama mlangoni kila Jumapili, akihesabu masikio. Bendi isiyo na masikio ya kutosha hunyang'anywa ukumbi, na wapigaji wake hupelekwa kwenye kiwanda cha sauti kulisha mashine vipande vya muziki, kipande hiki cha tangazo la sabuni, kipande kile cha lifti. Kinole Jazz walikuwa wamebakiwa na onyo la mwisho. Ukumbi wao wa Kihonda ulishapimwa kuwa ghala la baridi la maua. Ndiyo maana Zamda akakifungua kichwa chake.

Na ikafanikiwa, hiyo ndiyo balaa yenyewe. Msimu ule ukumbi ulifurika. Meneja wa bendi, Bwana Pazi, alinunua suti ya rangi ya maziwa na akaanza kuongea kwa simu huku amenyoosha kidole kidogo. Zamda alikaa meza ya nyuma, moyo umejaa, akisema si mliniambia ndefu mno, si mliniambia haianzi, haya!

Kisha Jumapili moja alasiri akapanda kwenye roshani ya juu ili auone umati vizuri. Angebaki chini angejifanyia hisani.

Hemedi Kunambi, mpiga solo, alikuwa amepeleka chemko mahali ambapo Zamda hupapenda. Zamda akauma mdomo wa chini, upande wa kushoto, kama kawaida yake. Chini, ukumbi mzima ukauma mdomo wa chini upande wa kushoto. Wazee, vijana, mapolisi wa zamu, yule mama Sarapia na ovaroli lake. Zamda alikuwa na goti bovu la kulia tangu alipoanguka ngazi za maabara, kwa hiyo akicheza huegemea kushoto na kuuburuta mguu. Lo! Vijana wenye magoti mazima kama vyuma vipya walikuwa wanaburuta miguu, wote pamoja, shwaa, shwaa. Akapitisha mkono shingoni kwa bahati mbaya, na mikono ikapita shingoni. Kha! Kuna mtu anayeweza kujiona hivyo asitapike? Zamda alijiona mwili wake umetolewa nje na kugawiwa kama pilau la msibani, kila mtu na sahani yake, na wote wanalamba vidole.

Alishuka mbio kwenda nje. Mlangoni akazuiwa na mwanamume mmoja mnene, mwenye duka la viatu, ambaye alikuwa hajawahi kumwona.

"Samahani dada," yule bwana alisema, na macho yake yalikuwa mekundu. "Nikuulize kitu cha ajabu. Wewe unamfahamu Kizito?"

Zamda alishika ukuta.

"Sijui ni nani," bwana viatu akaendelea. "Kila wakipiga namkumbuka. Namkumbuka vibaya sana. Ana shati linalonuka dawa ya nondo, ananiinamia hapa." Akajigusa chini ya sikio. "Mke wangu naye anamkumbuka. Tumeulizana nyumbani, aibu tupu."

Kizito alikuwa mume wa Zamda. Alikufa kwa homa mwaka wa sita wa ndoa yao. Ni yeye aliyempeleka Zamda kwa Kinole mara ya kwanza. Hakumpa rekodi wala hotuba, alimvuta mkono hadi katikati ya ukumbi, akiwa na shati alilolitoa sandukuni jioni ileile, na chemko lilipokolea alimwinamia akambusu chini ya sikio. Busu lile halikuwa la mtu mwingine yeyote duniani. Sasa lilikuwa shingoni mwa bwana viatu, lilikuwa shingoni mwa mkewe, na kwa askari wa zamu. Chekecheo halikuzuia kitu. Lingezuia nini, wakati muziki na Kizito viliingia kichwani mwake siku moja na mlango mmoja?

Zamda alitapika kwenye mtaro, mbele ya roboti-karani, ambaye aliendelea kuhesabu.

Wakati wa mapumziko Hemedi alimkuta amekaa kwenye boksi la spika nyuma ya jukwaa. Hemedi alikuwa rafiki wa Kizito tangu shule, na tangu harusi alimwita Zamda shemeji.

"Shemeji, unaumwa?"

"Shikamoo, shemeji. Siumwi. Nimechefukwa."

"Marahaba. Basi tuko wawili." Alikaa chini, akaanza kukunja na kukunjua vidole vyake. "Nikuambie kitu ambacho Pazi simwambii. Sipigi tena. Unaona napiga, lakini sipigi. Mimi macho yangu huwa kwenye miguu ya watu. Mmoja yuko huku anataka polepole, mwingine kule amenuna, yule mama amechoka, wale wawili wamegombana. Naenda kwa huyu, yule ananikatalia, natafuta njia nyingine. Chemko linatoka hapo. Sasa hivi nikitazama chini hakuna wa kunikatalia. Nikienda kushoto wote wanafurahi. Nikirudi palepale wote wanafurahi zaidi. Shemeji, msimu huu wote nimepiga chemko moja. Ni lile la usiku ule nyinyi wawili mlipokuja. Nimelijua wiki iliyopita."

Zamda akamweleza kila kitu, bamba, chekecheo, bwana viatu. Hemedi alisikiliza mpaka mwisho, halafu akatema mate pembeni.

"Kwa hiyo nimekuwa nikikupigia wewe peke yako. Ukumbi mzima, wewe."

"Ndiyo."

"Ebo, Zamda!" Ilikuwa mara ya kwanza kumwita kwa jina. "Hicho ni kinyaa. Wewe unajua hicho ni kinyaa?"

"Nimetapika nje hapo. Nenda kaangalie."

Bwana Pazi aliingia na suti yake, akasikia habari ya kulitoa bamba, akashika kichwa. "Mmerogwa? Ukumbi umejaa! Mtu anapenda, kapenda, unamuuliza mapenzi kayatoa wapi? Mkitaka kufa njaa semeni, mimi nina watoto."

"Toka, Pazi," Hemedi alisema kwa upole. Kisha akamgeukia Zamda. "Lakini hilo bamba si litaondoka na vyote? Na sisi? Na Kizito?"

"Litaondoka na vyote."

"Basi liache. Nitapiga hivyohivyo. Nitazoea."

"Huwezi kuzoea, nimekuona vidole. Na mimi siwezi kukaa nyumbani nikijua kuna askari wa zamu anabusiwa na mume wangu." Alisimama, akajipangusa gauni. "Nilitaka watu waipende Kinole. Hawa hawajaipenda, wananipenda mimi nilivyokuwa. Nimewachukulia bendi yao kabla hawajaisikia. Na wewe nimekuchukulia miguu yao."

Kengele ya kurudi jukwaani ililia, Hemedi akaenda kupiga lile chemko lake moja.

Bamba lilitolewa Jumatano asubuhi. Jumapili iliyofuata watu walikuja kwa mazoea, wakakaa, wakasikiliza kidogo, wakaanza kutazamana. Bwana viatu alimuuliza mkewe walifuata nini pale. Mama Sarapia alisema magitaa yanamuumiza kichwa, akaondoka. Kabla msimu haujaisha ukumbi ulikuwa na mitambo ya baridi, na Bwana Pazi alikuwa meneja wa bendi nyingine. Kiwanda cha sauti kiliwaita wapigaji. Wawili walikwenda. Waliobaki wakahamia uwanja wa kuoshea droni nyuma ya stesheni, mahali penye maji ya sabuni chini, ambako hakuna roboti-karani kwa sababu hakuna anayedhani pana cha kuhesabu. Waliokuja ni waosha droni wenyewe, abiria waliochelewa treni, na mlevi mmoja.

Baada ya miezi kadhaa Hemedi alikwenda nyumbani kwa Zamda. Alimkuta mzima, amenawiri, anapika. Picha ya Kizito ilikuwa ukutani, imefutwa vumbi vizuri.

"Shikamoo, Bwana Hemedi," Zamda alisema.

Hakumwita shemeji. Hemedi alinyoosha kidole kwenye picha. "Marahaba. Unamkumbuka huyu?"

"Kizito? Namkumbuka, alikuwa mume wangu. Alikuwa mtu mwema." Alisema hivyo kama anayemwelekeza mgeni ofisi ya posta ilipo. Kisha akaona uso wa Hemedi na akaona haya. "Madaktari waliniambia watu watanisikitikia. Siumii popote, kwa kweli. Ndiyo hivyo tu, siumii."

"Twende ukatusikilize," Hemedi alisema, na hakungoja jibu. Alimshika mkono akamvuta, kama anavyovutwa mtu anayepelekwa dansini.

Walimweka kwenye ndoo iliyopinduliwa, mbele kabisa. Wimbo ulianza taratibu, mwimbaji akasimulia shida zake, maneno yakaisha, magitaa yakashika njia. Hemedi aliiangalia miguu ya Zamda. Haikutikisika. Akampigia njia ya kulia, akampigia ya kushoto, akampigia lile la usiku ule wa shati la dawa ya nondo, noti kwa noti. Zamda alijifunika mdomo kwa kiganja ili asionekane akipiga miayo. Alikuwa na adabu zake.

Walipopumzika Hemedi alimfuata, jasho linamtoka. "Umeonaje? Sema kweli."

"Ni ndefu mno," Zamda alisema. "Nisamehe. Sijui lini inaanza."

"Wapi imekuchosha zaidi?"

Alifikiri kwa dhati, kwa sababu mhandisi hapendi kutoa jibu bovu. "Hapo ulipokuwa unarudia juu. Nilihisi unapiga kitu cha zamani, kwa ajili ya mtu ambaye hayupo."

Hemedi alirudi jukwaani. Alipiga lile la juu mara moja, akamtazama Zamda, akaliacha katikati. Besi ikamsubiri. Kisha vidole vyake vikaingia mahali ambapo havikuwahi kuingia, njia mbovu, yenye mashimo, na mpiga tumba akapiga kelele kwa mshtuko akamfuata. Waosha droni wakaacha mabomba yao. Mmoja akasema, "Mama yangu, hii nini?" Mlevi akasimama wima.

Zamda alikuwa amekwisha kuchukua mkoba wake. Aliwapungia mkono kwa heshima, akaruka dimbwi la sabuni kwa goti lake bovu, akatoka kwenda kutafuta usafiri kabla jua halijazama.