Kitanda cha Mama Ersilia

Wageni walikisifu kitanda, na hapo ndipo Ornella alipoanza kupata wasiwasi.

"Na yule bibi wako mpe shukrani zetu," mgeni alisema akimrudishia ufunguo. "Kila jioni alituwekea kile chungu cha makaa chini ya shuka, kitanda kikapata joto. Ila haongei, na hatoki chumbani mpaka watu walale."

Ornella alitabasamu, akautia ufunguo mfukoni. Hakuwa na bibi yeyote. Kile chungu cha makaa alikitundika ukutani kiwe pambo, maana watalii wanaopanda kilimani kupiga picha vichochoro vya mawe wanapenda vitu vya kale. Aliyekuwa akikitumia ni mama yake, Ersilia, aliyezaliwa kwenye kitanda kile na kuomba afie hapo hapo. Ornella alimpeleka nyumba ya wazee kule bondeni. "Wiki mbili tu, Mama," alimwambia, kisha akakipangisha chumba chake. Mama alikufa huko msimu wa kuchuma zabibu, peke yake, dirisha limefungwa.

Mchana ule ule akamwita chumbani jirani yake Settimia, anayeagua watu waliopigwa na husuda. Settimia alidondosha mafuta ya zeituni kwenye sahani ya maji. Matone yote yakakimbilia upande wa kitanda.

"Nani alimfungulia mama yako dirisha roho ipite?" akanong'ona.

"Hakuna. Sikuwepo."

"Basi hajaenda popote. Karudi kwake. Mfungulie wewe, umwombe radhi, na safari hii usimdanganye."

Akachukua sahani yake akaondoka, bila hata kunywa kahawa.

Ornella alifungua dirisha. "Nisamehe, Mama. Nilikitaka chumba. Nenda ukapumzike."

Upepo wa Novemba uliingia, na nyuma yake ikaja harufu ya makaa ya mwaloni, ingawa jiko lilikuwa limezima tangu asubuhi, kisha godoro likabonyea polepole kama mtu mzima anavyokaa akiwa amechoka, na shuka likafunuliwa upande mmoja, upande wa ukutani, pale pale Ornella alipokuwa akilazwa utotoni, na alipogeuka akimbie aliona chungu hakipo tena ukutani na mlango umeshafungwa.

Dirisha nalo likajifunga, taratibu.

"Baridi, mwanangu," sauti ikamwambia kwa upole. "Panda ulale. Wiki mbili tu."